Povu

Zamani nilichoma mkaa.
Nafukia tanuri kwa udongo na majani mabichi,
nalala ubavuni mwake siku tisa,
moshi ukichomoza pembeni
naamka, naziba.
Ndiyo maana Kalunde alinichukua.
"Wewe unajua kulinda kitu kinachotaka kutoka,"
akanipa koti, tochi, spana namba kumi na tisa
na daftari la mistari.

Jina lake ni la mawingu, kazi yake ni jua.
Watu wa Sikonge walilicheka hilo hadi wakachoka.

Mwezi wa kumi, saa sita mchana,
jua la huku halina adabu.
Paneli nyuma ya kinu hushiba hadi kuvimbiwa,
betri zimejaa, mahindi ya watu yamekwisha sagwa,
umeme unabaki umesimama
kama mgeni aliyefika sahani zimeshaoshwa.
Mwanzo tulikuwa tunauzima.
Nasema kweli: tulilizima jua
kwa kidole kimoja.

Siku hizi tunaupeleka majini.
Kuna sanduku la bluu, ukilisogelea linavuma
kama mtu anayehesabu pesa moyoni.
Humo maji ya kisima, yaliyochujwa mara tatu,
yanapasuliwa:
oksijeni inakwenda zake juu ya bati,
haidrojeni inaingia tangini.

Mama aliponiuliza nilimwambia, ni michembe.
Unakata kiazi, unaanika mwambani,
masika yakija unachemsha kiangazi.
"Na hii yako inaliwa?"
Hapana.
"Inanukia?"
Hapana.
"Ina rangi?"
Hapana, mama.
"Sasa unalinda nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na mshale wa geji.

Usiku wa Jumanne, saa nane,
mshale ulisema ishirini na nne.
Jioni niliandika, kwa mkono wangu, ishirini na nane.
Baridi hupunguza kidogo, hilo nilifundishwa,
lakini si hivi.

Waliosema akiba haiozi
hawakukutana na hii.
Haiozi, kweli. Hutoroka.
Nyepesi kuliko vyote, hupenya
pale ambapo hata maji yangekwama.
Mkaa ukiharibika hukwambia kwa moshi.
Huyu haagi.

Sigara nilishaacha, ni sharti la ajira.
Nikachukua ndoo, kipande cha sabuni ya mche,
nikakoroga kama mtu mwenye nguo za kufua usiku,
nikapaka kiungo cha kwanza. Kimya.
Cha pili. Kimya.
Cha tatu:
povu likajaa, likapumua, likapasuka,
likajaa tena.
Tundu jembamba kuliko unywele,
na ndani ya kila povu
mchana wa jana unaondoka bila viatu.

Nikafunga vali. Nikakaza, robo mzunguko.
Mikono ilitetemeka baadaye,
kazi ilipokwisha, kama kawaida ya mikono.

Alhamisi mvua za kwanza zikaingia kutoka Kaliua,
siku nne hatukuliona jua,
na kinu hakikunyamaza.
Akina mama walipanga ndoo zao, wakasema habari za mbegu,
za mtoto wa Mwashi aliyefaulu kwenda Tabora mjini.
Hakuna aliyelitazama tangi.
Kwa nini walitazame? Unga ulikuwa unatoka.

Mashine inayoirudisha kuwa umeme
hudondosha maji kupitia kibomba cha nyuma.
Nilikinga kikombe, nikanywa.
Hayana chumvi ya kisima, hayana ladha ya mtungi,
hayana habari ya mahali popote.
Nilimpelekea mama kidogo, kwenye chupa.
Alionja, akatema.
"Haya maji hayajawahi kulala chini," akasema,
na yaliyobaki akamwagia mchicha.

Daftari, Jumatatu, saa kumi na moja alfajiri:
Kumi na tisa. Mawingu yanapasuka upande wa mashariki.
Kiungo cha tatu nimepaka tena.
Kimya.